Utunzaji wa Wazee Wakati wa Mchana: Historia Fupi ya Nchi ya Lafey

Katika ripoti za vyama vya ustawi, habari za shule, visima na zahanati hazikosekani. Habari za wazee ni chache, na chache zaidi ni habari za mzee katika zile saa za mchana ambazo mwanawe yuko kazini. Kwa sababu hiyo yafaa wanachama wasomao kurasa hizi wajue jinsi jambo hili lilivyokuwa zamani katika nchi ya Lafey, iliyo karibu na mpaka wa Somalia katika Kaunti ya Mandera, na jinsi lilivyofikia hali ya leo.

Zamani, kutunza wazee hakukuwa kazi ya pekee yenye jina lake. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na desturi ya kugawa mifugo mafungu mawili. Vijana waume walikwenda mbali na ngamia wasiokamwa, wakitafuta malisho. Kambini walibaki mbuzi, kondoo na ngamia wachache wa maziwa, pamoja na akina mama, watoto na wazee. Kwa mgawanyo huo, mzee hakukosa mtu wa kumpa maziwa, wala mtoto wa kumshika mkono akiwa macho yake yamepotewa na nuru. Naye hakukaa bure: alihesabu mbuzi, aliamua ugomvi, na kuwafundisha watoto nasaba zao. Mpango wa mifugo ndio uliokuwa mpango wa wazee.

Utawala wa Kiingereza haukuuvunja mpango huo, ingawa uliibana nchi. Mwaka wa 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa, watu wasiingie wala kutoka bila ruhusa. Na mwaka wa 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalum. Kazi za mshahara zilikuwa haba. Walioajiriwa ni wachache, kama vile madubas, wale askari wa kienyeji waliovaa vilemba vyekundu. Dubas alipokwenda doria, jamaa zake walibaki kambini, na mzazi wake alibaki miongoni mwao.

Pigo kubwa lilikuja baada ya Uhuru. Tarehe 28 Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika nchi hii, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Mwaka wa 1966 Serikali iliamuru watu wengi wakusanyike katika vijiji vilivyolindwa. Mifugo mingi ilipotea, na aliyepoteza mifugo alipoteza pia ile kambi iliyokuwa ikimtunza babaye. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa hata mwaka wa 1991.

Tangu hapo mambo matatu yameubadili mchana wa mzee. La kwanza ni ukame. Ule wa 2011, na ule ulioanza 2020 ukafika 2023, ambapo misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, uliwasukuma wengi mjini, na akina mama wakashika biashara ya maziwa, ya miraa na ya duka. La pili ni elimu ya msingi bila karo, iliyoanza 2003. Ni baraka isiyokanushika. Lakini mtoto aliyekuwa macho na miguu ya babu yake sasa yuko darasani. La tatu ni ugatuzi wa 2013. Mwaka huo serikali za kaunti zilianza, na Lafey ikapata kuwa jimbo lenye mbunge wake. Wakapatikana makarani, wauguzi na madereva zaidi wenye kutoka asubuhi na kurudi jioni. Hivyo nyumba yaweza kuwa na mshahara, na mchana isiwe na mtu ila mzee na mtungi wa maji asioweza kuunyanyua.

Sheria haikumsahau. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Mwaka wa 2018 mpango wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni msaada wa kweli. Lakini shilingi haimwinui aliyeanguka saa nne za asubuhi.

Wengine wamelikabili jambo hili kabla yetu. Mjini Oxford, Uingereza, Dakta Lionel Cosin alifungua mwaka wa 1958 jengo la kuwahudumia wazee mchana, nao wakalala kwao usiku. Huko San Francisco, Marekani, wahamiaji wa Kichina na wengineo hawakupenda kuwapeleka wazazi katika makao ya wazee. Shirika la On Lok likawafungulia kituo cha mchana mwaka wa 1973. Na Minneapolis, walikokimbilia Wasomali wengi baada ya vita vya 1991, viko vituo vya mchana vinavyoendeshwa na Wasomali wenyewe, ambamo wazee hula chakula wakijuacho na kusali pamoja.

Hapa kwetu wengi husikia maneno haya wakadhani ni kuwatupa wazazi. Kuna tofauti kubwa. Makao ya wazee humtoa mzee nyumbani. Kituo cha mchana humrudisha nyumbani kabla ya magharibi, hali ameshiba na amezungumza na wenzake. Hakika hiyo ndiyo kambi ya zamani kwa umbo jipya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi wanachama watakapokutana, yafaa wasianze na jengo. Waanze na kivuli chema, maji, mikeka, mama wawili wa kulipwa ujira, na muuguzi wa kupita mara kwa mara; na wazee wenyewe waulizwe wataka nini. Tena wapewe kazi yao ya kale ya kuwafundisha watoto watokapo shule, maana mzee asiyehitajiwa na mtu huchoka upesi kuliko mwenye njaa.