Ruhusa ya Kwenda Dubai

Mpango ulianzia kwenye kibanda cha chai kando ya barabara pale Kakuma. Mimi nilikuwa nimetoka Lodwar asubuhi hiyo, kilomita kama 120 hivi, na rafiki yangu alikuwa ametoka Kakuma One kwa boda. Tukafungua kikokotoo cha simu. Tiketi ya Nairobi–Dubai kwenda na kurudi, viza, kitanda cha bei nafuu Deira, nauli ya metro, chakula. Tulichagua Januari, kwa sababu Julai joto la huko linapita digrii 40, na sisi watu wa Turkana, hata kama tunajigamba kwamba jua ni letu, hatuoni haja ya kulipa nauli ili tukachomwe na jua la wengine.

Juu kabisa kwenye orodha tuliandika Burj Khalifa. Mita 828, ilifunguliwa Januari 2010, hilo kila mtu analijua. Jumla ilipotoka ilikuwa kubwa, lakini haikututisha. Tukiweka akiba mwaka mzima na kuacha mambo fulani ya wikendi, inawezekana. Halafu tukafika kwenye karatasi, na hapo mpango mmoja ukawa miwili.

Mimi nina kipande. Vijana wengi tunaita kitambulisho hivyo bila kufikiria jina lilitoka wapi. Lilitokana na sheria ya kikoloni ya 1915, ambayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba karatasi za kazi na alama za vidole ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Leo kipande ndicho kinachonifungulia pasipoti: najaza fomu mtandaoni, nalipa, napanda basi hadi Eldoret kupigwa picha, nasubiri.

Rafiki yangu alizaliwa Kakuma, hospitali ya kambini. Mama yake ni Mtoposa wa upande wa Kapoeta, Sudan Kusini. Kitoposa na Kiturkana vinasikilizana, kwa hivyo mimi na yeye tunapiga stori bila mkalimani, na mama yake akinisalimia ananiita mwanangu kama mama yeyote wa Lodwar. Tulifanya KCSE ile ile. Lakini Katiba ya 2010 inatoa uraia wa kuzaliwa kwa mtu ambaye baba au mama yake ni Mkenya. Kuzaliwa tu kwenye mchanga wa Kenya hakuhesabiki. Yeye hana kipande. Ana kadi ya mkimbizi.

Kabla hujasema haya ni mambo ya wakimbizi na wewe hayakuhusu, twende nyuma kidogo.

Waingereza walipata shida kuitawala Turkana. Mwaka 1918 walituma msafara mkubwa wa kijeshi, Labur Patrol, uliovunja upinzani na kuchukua mifugo kwa wingi. Sehemu kubwa ya eneo hili ilikuwa bado ikihesabiwa Uganda, katika mkoa ulioitwa Rudolf, hadi 1926 ilipohamishiwa Kenya. Baada ya hapo ilifungwa. Tangu 1902 kulikuwa na sheria ya kutangaza wilaya za pembezoni kuwa zimefungwa, na mgeni hangeweza kuingia bila leseni. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, na Turkana ilikuwa miongoni mwake. Hiyo iliwapa maofisa mamlaka ya kuwabana wenyeji wenyewe wasivuke mipaka waliyowekewa. Mfugaji aliyekuwa akifuata mvua kama babu zake walivyofanya, ghafla akawa mtu anayehitaji ruhusa.

Ukitaka kujua serikali ile ilikuwa inaonaje Turkana, angalia iliwapeleka nani huko. Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa Kapenguria Aprili 1953, walifungiwa Lokitaung, kaskazini kabisa. Mwaka 1959 Kenyatta alimaliza kifungo chake, lakini badala ya kurudi nyumbani alihamishiwa Lodwar, akawekwa chini ya amri ya kutotoka, hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Nyumba aliyokaa ipo Lodwar hadi leo. Ilichaguliwa Lodwar kwa sababu jangwa ni ukuta usiohitaji mafundi. Watalii wanakuja kumhurumia mzee kwa miaka ile miwili. Sijasikia mwongozaji akiwauliza kuhusu majirani zake, waliokuwa wanaishi ndani ya ukuta huo huo bila kuhukumiwa na mtu.

Babu yangu hadi anakufa, akiwa anaenda Kitale alisema, "Naenda Kenya." Na sisi vijana tunasema "down Kenya" kama mzaha, halafu wageni wanacheka, ati kwani nyinyi mko wapi? Lakini babu hakuwa anatania. Kwake Kenya ilikuwa mahali unapoingia baada ya kusimamishwa kizuizini na kuulizwa unaenda wapi, kufanya nini, utarudi lini.

Maswali hayo matatu nimeyakuta tena kwenye fomu ya viza ya Dubai.

Nilikwenda Eldoret kwa ajili ya pasipoti. Basi linapita Lokichar, na abiria wakifika hapo huongea habari za mafuta. Machi 2012 yalipopatikana kwenye kisima cha Ngamia 1, nilisikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema Lodwar itakuwa Dubai. Dubai ilipata mafuta 1966 na kufikia 1969 ilikuwa tayari inauza nje. Shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana iliondoka bandari ya Mombasa Agosti 2019, baada ya kusafirishwa kwa malori barabara hiyo hiyo niliyopita mimi. Magorofa bado hatujayaona.

Ila ulinganisho wenyewe ulinifanya nisome zaidi kuhusu Dubai, na nikagundua kwamba ile tunayoitamani ni changa sana. Kabla ya mafuta ulikuwa mji wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu, uliokaa kando ya mkono wa bahari. Lulu za kufugwa za Japani ziliangusha biashara hiyo miaka ya 1930, na njaa iliingia. Uwanja wa ndege ulifunguliwa 1960. Na nyumba za zamani, zile za mtaa wa Al Fahidi ambazo watalii hupigia picha, ziliezekwa kwa miti iliyotoka kwetu.

Kwetu, namaanisha pwani. Ghuba haina misitu, kwa hivyo kwa karne nyingi majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi hadi Lamu na delta ya Rufiji, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko. Upana wa vyumba vingi vya zamani huko, mita tatu hivi, uliamuliwa na urefu wa boriti. Fikiria hilo: fundi wa Ghuba anapima chumba cha bwana wake kwa mti uliokatwa Lamu. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na kufikia wakati huo Dubai ilikuwa inamimina zege, haikuzihitaji tena. Januari yetu, ile tuliyoichagua kwa sababu ya joto, ndio msimu ule ule majahazi yalikuwa yakishuka. Nikaongeza Al Fahidi kwenye orodha, juu ya Burj Khalifa. Nataka kuinua shingo nitazame dari.

Sasa turudi Kakuma. Waandishi wengi wa nje wameandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali." Sijui ni Kiswahili cha wapi. Lakini uongo huo umerudiwa hadi umekuwa kama ukweli, kwa sababu unafaa hadithi wanayotaka kuisimulia.

Kambi ilianzishwa 1992, kwa ajili ya maelfu ya watoto na vijana wa Sudan waliokuwa wamefukuzwa na vita, kwanza nyumbani, halafu Ethiopia baada ya Mengistu kuanguka 1991. Leo, pamoja na Kalobeyei, ina watu karibu 300,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilifanya kuwa kosa mtu kukaa nje ya eneo alilopangiwa bila kibali. Soma hiyo, halafu soma ile ya 1934. Ndiyo maana ni mimi niliyesafiri kwenda Kakuma kunywa chai. Yeye kuja Lodwar, tena bado ndani ya Turkana, anahitaji karatasi.

Bidhaa hazihitaji. Ukiingia soko la Wasomali kambini unakuta simu, manukato, mazulia na mablanketi yaliyopitia Dubai. Utafiti wa IFC wa 2018 uliona biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, na uchumi wa takriban shilingi bilioni 6. Wenye maduka hupiga simu, pesa zinakwenda, mzigo unakuja. Wengine wameagiza kutoka Dubai miaka mingi na hawajawahi kuiona.

Watu wapo waliotoka, si kwamba mlango umepigwa misumari. Maelfu walihamishiwa Marekani na kwingine. Wanariadha watano wa timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, 2016, walikuwa wametoka Kakuma. Kuna hati ya kusafiria ambayo Kenya huwapa wakimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa 1951, na rafiki yangu aliulizia. Lazima kwanza aeleze sababu ya safari. Tukakaa tukatafuta sababu. Mimi kwenye fomu yangu niliandika "utalii" na hakuna aliyeniuliza zaidi. Yeye hakuona namna ya kuandika kwamba anataka kwenda kutazama ghorofa refu halafu arudi kambini. Ajenti mmoja wa safari nilimpigia kuhusu hati hiyo. Alinyamaza, kisha akasema hajawahi kuiona, nimtumie picha. Falme za Kiarabu zenyewe hazikutia saini mkataba huo.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa miji ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji wanaishi pamoja. Rafiki yangu anaufuatilia kwa makini kuliko mimi. Anasema neno analolisubiri humo ni moja tu, kutembea, na mengine yote, shule, hospitali, leseni, atayasoma baadaye.

Pasipoti yangu ilitoka. Nilirudi Kakuma kumwonyesha, nikiwa na haya kidogo, kama mtu anayekula mbele ya aliyefunga. Aliifungua, akahesabu kurasa tupu, akanirudishia.

"Nikuletee nini?" nikamuuliza.

"Za Dubai ziko hapa kwa Msomali, tena bei ni poa," akasema. Akaichukua simu yangu na kufungua ile orodha yetu. Alisogeza Burj Khalifa hadi chini kabisa. Juu, kabla hata ya Al Fahidi, akaandika abra, ile mashua ya kuvusha watu kutoka Deira, nauli dirhamu moja.

"Panda hiyo kwanza. Halafu rekodi mwanzo hadi mwisho, usikate. Nataka kuona kama kuna mtu anawauliza kitu huko ng'ambo mkishuka."

Nimeweka akiba ya miezi mitano. Imebaki saba.