Miwati ya Njombe na Utitiri wa Udongoni

Tarehe ya miwati katika Njombe aghalabu husimuliwa kwa magome: ya kwamba mti huu, ambao asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia, ulikuwa umekwisha kuwa mali kubwa huko Natal, Afrika Kusini, kabla ya kuenea kwetu, ya kwamba mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza liliasisi Tanganyika Wattle Company katika vilima vya Njombe, na ya kwamba magome hayo yalikamuliwa tanini ya kutengenezea ngozi. Masimulizi hayo ni ya haki, walakini yameacha nusu ya habari, kwani mti uliokwisha kuchunwa huacha nyuma yake majani, vijiti na visiki, na viumbe wanaovigeuza kuwa udongo hawatajwi.

Viumbe hao, pamoja na kuvu na mchwa, ni utitiri wa udongoni, na miongoni mwao aila ya Phthiracaridae yastahili kutangulizwa. Si wale utitiri wa kuku wanaotuudhi. Hawa hawamnyonyi mtu wala mnyama. Ni wa kahawia, aghalabu hawafikii milimita moja, na akiguswa mmoja wao huiingiza miguu yote minane ndani ya mwili, kisha huiteremsha ngao ya mbele mithili ya kifuniko cha sanduku. Mtoto huanguliwa na miguu sita, naye utoto wake huupitisha ndani ya kijiti kilicholainishwa na kuvu, akila na kuchimba. Kwa nje kijiti huonekana kizima, ilhali ukikivunja kwa vidole wakuta vijia vilivyojaa punje za mavi, ambazo bakteria na kuvu huzimaliza hata zikawa rutuba.

Kazi hiyo ni ya taratibu mno. Tanini hushikamana na protini, basi jani lenye tanini nyingi hukawia kuoza; na utitiri wenyewe hutaga mayai machache, na katika nchi za baridi wako wanaohitaji mwaka na zaidi hata wakomae. Hapo ndipo moto unapoingia katika habari hii. Mkulima wa Njombe, akiisha kuvuna miwati, huchoma matawi, akapata jivu la kuoteshea mazao, na joto hilo hilo huziamsha mbegu ngumu za miwati zikachipua bila kupandwa. Ni hikima ya kweli, nami siibezi. Lakini moto uuao wakazi wa takataka za juu huwaua viumbe wasiojua kuzaana upesi, na kuwarudisha ni kazi ya miaka.

Utitiri wa nchi hii nao wana tarehe yao ya kuchunguzwa. Katika 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt wa Sweden alikusanya wanyama wadogo Kilimanjaro na Meru, na Ivar Trägårdh akawaandika utitiri wake mwaka 1908. Mwaka 1905 huo huo Antonio Berlese wa Italia alivumbua faneli ya kupashwa joto, ambayo huwasukuma viumbe washuke chomboni kwa kukimbia ukavu.

Faneli ya namna hiyo yafaa hata nje ya miwati. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, iliufungulia mji wa Makambako, mkoani Njombe, biashara pana, na misindano na mikaratusi ikazidi kuenea kando ya miwati. Huko Ulaya aila ya Phthiracaridae hujulikana sana kwa kutoboa sindano za misindano. Basi mwenye shamba la mbao kati ya Makambako na Njombe, akitaka kuwatafuta utitiri hao, na aanzie tabaka lililo chini ya sindano kavu, lile lililokwisha kuwa jeusi na lenye unyevu, kisha alitie katika faneli yenye wavu na taa juu yake.