Dawa ya Mifupa Iliyomo Majini

Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, ni volkano ya zamani. Miamba ya kivolkano kama yake, huku kwenye Bonde la Ufa, ndiyo inayotia madini ya floridi katika visima na chemchemi nyingi za mkoa wa Manyara. Anayekunywa maji hayo tangu utotoni meno yake hugeuka kahawia. Kiasi kikiwa kikubwa, kwa miaka mingi, mifupa hunenepa, mgongo hukakamaa, na watoto wengine hupata matege. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floridi.

Uhaba wa maji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1974 Tanzania iliruhusu miligramu 8 za floridi kwa lita vijijini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

Ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo Ulaya na Marekani floridi ilikuwa dawa. Wazee wenye mifupa dhaifu walipewa vidonge vyake ili mfupa ujae. Mwaka 1990 B. Lawrence Riggs na wenzake wa Mayo Clinic walitoa matokeo ya jaribio la miaka minne kwa wanawake 202. Msongamano wa madini katika uti wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35, ila mifupa mingine ya mwili ilivunjika mara 72 kwa waliomeza floridi, dhidi ya 24 kwa wasiomeza. Mfupa ulikuwa mnene, lakini haukuwa imara.

Somo hilo lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha alendroneti, dawa inayozuia chembe zinazokula mfupa uliochakaa. Inafanya kazi, na imewaepusha wengi kuvunjika nyonga. Lakini mfupa usiokarabatiwa hulimbikiza nyufa ndogondogo. Mwaka 2005 Clarita Odvina na wenzake wa Dallas, Marekani, walieleza wagonjwa tisa waliokuwa wakimeza dawa hiyo, waliovunjika bila kishindo. Baadaye paja ndilo lililojulikana zaidi: hukatika kwa kukingama, kama chaki, mtu akitembea tu. Onyo rasmi likatolewa Marekani mwaka 2010.

Kwa hiyo, mama au baba anayemeza alendroneti akianza kuumwa paja au kinena, asiseme ni uzee. Asiache dawa kienyeji pia. Amwone daktari, apigwe eksirei ya mapaja yote mawili, na aseme maji anayokunywa yanatoka wapi.