Nyumba Inayokokotwa

Mwaka 1885 William Gordon Stables, tabibu wa Kiskoti aliyepata kutumikia jeshi la majini la Uingereza na baadaye akaishi kwa kuandika vitabu vya vijana, aliwaagiza mafundi wa magari ya farasi wa Bristol wamjengee nyumba ya mbao juu ya magurudumu, ambayo haikukusudiwa biashara yoyote ila matembezi na starehe tupu. Nyumba hiyo, iliyoitwa Wanderer, ilikuwa na kabati la vitabu na kabati la vyombo vya kaure, na uzito wake ulikaribia tani 2. Farasi 2 waliikokota kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hata Inverness katika Uskoti, ilhali mtumishi wa tabibu alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu 3 kuwatahadharisha wapita njia. Karavani hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza iliyojengwa makhsusi kwa mapumziko. Tabibu alikuwa na faida moja ambayo wasafiri waliomfuata waliikosa: farasi aliyechoka hutoka jasho, hutweta, kisha husimama mwenyewe, na hata bwana mwenye kiburi hulazimika kumpa nafasi, ambapo injini huvuta bila malalamiko mpaka iharibike, na aghalabu kabla haijaharibika breki zimekwisha kushindwa mteremkoni.

Nayasema haya kwa kuwa historia ya trela la safari, kwa maoni yangu, husimuliwa kwa upande usiofaa. Husifiwa vitanda, majiko na madirisha, na chombo chenye kulivuta hutajwa kwa nadra, kana kwamba nyumba ilijiendea. Lakini kila mara gari lilipobadilika, nyumba nayo haikuwa na budi kubadilika baada yake, na waliofanikiwa katika ufundi huu ni wale walioanza hesabu yao kwa gari.

Huko Marekani, Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alinunua trela la hema lililosifiwa kuwa huinuliwa kwa dakika chache. Mvua ikamkuta safarini, hema likamshinda, naye akaazimia kuunda sanduku gumu lisilohitaji kuinuliwa. Aliliita Covered Wagon, na kufikia mwaka 1936 kiwanda chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina hiyo nchini. Lilikuwa sanduku kwelikweli, lenye kipaji kipana cha kupokea upepo, na magari ya zama zile, ambayo mara nyingi yalifungwa kulabu kwenye bampa tu, yalilivuta kwa taabu.

Maarifa yaliyo bora yalitoka kwa watu wa ndege. Hawley Bowlus, aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh alivuka nayo bahari ya Atlantiki mwaka 1927, alikuwa stadi wa ndege zisizo na injini, na mtu wa kazi hiyo hajui kusamehe hata ratili moja ya uzito usio na sababu. Mwaka 1934 alitoa trela la alumini lililopigwa ribiti, lenye mwili wa mviringo, akaliita Road Chief. Taksiri yake ilikuwa mlango, ambao aliuweka mbele, juu ya kulabu, hata mtu alipanda nyumbani mwake kwa kuruka vyuma. Biashara yake haikudumu, lakini Wally Byam, aliyekuwa akimuuzia matrela yake, aliushika mtindo ule, akauhamishia mlango ubavuni, na mwaka 1936 akatangaza Airstream Clipper kwa bei ya dola 1,200, ambazo wakati ule wa dhiki zilikuwa mali nyingi. Baada ya vita, mwaka 1947, alipigwa picha Alfred Letourneur, bingwa wa Kifaransa wa mbio za baiskeli, akilivuta trela la Airstream kwa nguvu za miguu yake. Tangazo lilikuwa la werevu, maana lilimwonyesha mnunuzi kinachovuta kabla ya kumwonyesha kinachovutwa. Mlimani, bila shaka, mambo yangekuwa mengine.

Byam huyo ndiye aliyeongoza mwaka 1959 msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town, ukapanda kaskazini kupitia Afrika ya Mashariki na Ethiopia, kwa barabara za vumbi na tope, hata ukawasili Cairo mwaka 1960 na kupiga kambi karibu na mapiramidi. Waliotazama picha za safari ile wakayatamani matrela yenye kung'aa, aghalabu hawakuyaangalia magari yaliyokuwa mbele yake, ambayo mengi yalikuwa na chasisi za lori.

Nyumbani Marekani kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya 1950 na 1960 na magari marefu ya familia yenye injini za silinda 8 na chasisi ya chuma iliyo mbali na bodi. Hapo ndipo ilipoenea zana ambayo ningeiita heri ya ufundi huu: vyuma viwili vyenye kunepa, vinavyotoka kwenye kulabu na kukazwa kwa minyororo kwenye fremu ya trela. Pasipo vyuma hivyo, trela zito huliinamisha gari kwa nyuma, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, usukani ukapoteza utiifu wake, na usiku taa zikamulika matawi ya miti. Vikikazwa kwa kadiri, sehemu ya mzigo hurudi mbele, gari likakaa sawa. Lakini huugawanya mzigo tu wala haviupunguzi uzito wenyewe, jambo ambalo wauzaji hawakuwa na haraka ya kulieleza.

Magari yale makubwa yalianza kutoweka baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973. Kwa bahati, jibu lilikuwa limekwisha kupatikana Winnipeg, Kanada, ambako mwaka 1968 Ray Olecko, aliyekuwa na ujuzi wa kutengeneza matangi ya maji machafu kwa faibaglasi, alifinyanga trela la nusu mbili zilizounganishwa kiunoni, lenye urefu wa futi 13 na uzito wa chini ya ratili 1,000. Liliitwa Boler, na hadi leo wapo wenye kulivuta kwa magari madogo.

Kisha zikaja SUV za kimo cha kati. Jeep Cherokee ya mwaka 1984 ilikuwa na bodi na chasisi zilizounganishwa kuwa kitu kimoja. Ford Explorer, iliyotoka mwaka 1990, ilibaki na chasisi ya lori mpaka ilipobadilishwa kwa toleo la mwaka 2011. Leo nyingi za jamii hiyo hupewa idhini ya kuvuta ratili 5,000, yaani kilo 2,268, na namba hiyo imewapoteza watu wengi. Chukua trela ambalo katalogi husema lina ratili 4,000 likiwa tupu. Litie maji galoni 30 za Kimarekani, ambazo peke yake ni ratili 250, kisha gesi, betri, vyombo, nguo na chakula, nalo hukaribia 4,900. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo yapasa ikae juu ya kulabu, la sivyo trela litayumba; basi hizo ni ratili 490 hadi 735, ilhali kulabu za magari mengi ya kundi hili hazikuruhusiwa kupita 500. Ongeza watu 4 na mizigo yao, na kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, chenye kutaja labda ratili 1,300 kwa vyote vinavyobebwa, kimekwisha kufikiwa kabla safari haijaanza.

Zamani kila kiwanda kilijitungia namba yake ya kuvuta. Mwaka 2008 wahandisi wa magari wa Marekani walitoa kipimo kimoja, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata kwa magari yake ya mwaka 2011. Gari hupandishwa mlima wa Davis Dam, Arizona, zaidi ya maili 11, kiyoyozi kikifanya kazi, na haliruhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Waingereza wana mizani iliyo rahisi zaidi, nami naipendelea: vyama vyao vya karavani huwashauri wanaoanza wasivute uzito unaozidi asilimia 85 ya gari lenyewe. Kwa SUV ya ratili 4,300 hiyo huleta 3,655, trela likiwa limekwisha kupakiwa, nazo zatosha kitanda, jiko, choo na meza ya watu 4, mradi mwenyewe akubali kuziacha kuta za kuteleza na jiko la pili la nje.