Vifaa vya doria: askari wa wanyamapori wa kijiji abebe nini, na kila kitu kikae wapi

Mkoa wetu wa Ruvuma una jumuiya kadhaa za hifadhi ya wanyamapori, zile tunazoziita WMA. Wilayani Namtumbo kuna Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule. Wilayani Tunduru kuna Nalika na Chingoli. Zote ziko kwenye ushoroba wa Selous na Niassa, njia ya tembo na wanyama wengine kutoka Selous kushuka hadi Mto Ruvuma na kuvuka kuingia Msumbiji.

Ulinzi wa maeneo haya unategemea sana askari wa wanyamapori wa vijiji. Hawa ni vijana wa kike na wa kiume wanaochaguliwa na vijiji vyao, na wengi hupata mafunzo katika chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Kazi yao si ndogo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu karibu tembo 39,000 katika ikolojia ya Selous. Mwaka 2013 walibaki karibu 13,000 tu, kwa sababu ya ujangili.

Makala hii inaeleza vifaa anavyohitaji askari anayekwenda doria ya siku tatu kwa miguu. Ni kwa kijana anayetaka kujiunga, kwa mzazi wake, na kwa viongozi wa kijiji wanaopanga fedha za kununua vifaa.

Kanuni ya kwanza: ukitupa begi, ubaki na nini?

Porini tembo mwenye mtoto akikukimbilia hutapata nafasi ya kufungua zipu. Tembo hukimbia kuliko binadamu. Utatupa begi na kutafuta usalama. Usiku ukiingia, begi liko mbali na wenzako huwaoni. Ulichobaki nacho mwilini ndicho kitakachokufikisha asubuhi.

Kwa hiyo vifaa hupangwa sehemu tatu:

Mfukoni: vitu vya kuokoa maisha. Filimbi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, simu, kitambulisho, bandeji moja na vidonge vya kutibu maji.

Kiunoni: vitu vya kazi. Chupa ya maji ya lita moja, kisu au panga kwenye ala yake, na tochi.

Mgongoni: vitu vya kambi. Chakula, maji ya akiba, turubai, chandarua, blanketi na nguo za kubadilisha.

Kosa la kawaida ni kuweka kila kitu mgongoni kwa sababu begi lina nafasi. Filimbi iliyo ndani ya begi haina faida siku begi linapobaki nyuma.

Uzito

Mzigo wote, pamoja na maji, usizidi robo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 15. Hesabu ya siku tatu inaweza kuwa hivi:

Maji lita 4: kilo 4.
Unga wa ugali, nusu kilo kwa siku: kilo moja na nusu.
Dagaa, karanga, chumvi na sukari: kilo moja.
Turubai jepesi, chandarua na blanketi: kilo mbili na nusu.
Nguo na soksi: kilo moja.
Panga, tochi, betri na vitu vidogo: kilo moja na nusu.
Sehemu yako ya vifaa vya kikosi: kilo moja.

Jumla ni kilo 12 na nusu, kabla ya silaha kwa yule aliyekabidhiwa. Ndiyo maana sufuria, sanduku la huduma ya kwanza na redio ya upepo havibebwi na kila mtu. Hugawanywa. Kikosi cha watu sita hakihitaji sufuria sita.

Miguu

Fedha ikiwa kidogo, ianze kwa viatu. Askari mwenye malengelenge siku ya kwanza anakuwa mzigo kwa wenzake siku ya pili.

Buti la kufunga kamba linaloshika kifundo cha mguu ndilo bora. Lijaribu jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima, na ulijaribu ukiwa umevaa soksi nene. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Pinda soli kwa mkono: ikigoma kabisa itakuchubua, ikijikunja kama kitambaa haitazuia mwiba. Soli iliyoshonwa hudumu kuliko iliyogundishwa peke yake. Buti la mtumba halina ubaya kama soli haijapasuka. Jipya livaliwe kijijini wiki mbili kabla ya doria.

Gambuti hufaa kwenye tope na majani yenye umande, na hukinga nyoka, lakini kwa safari ndefu huchoma na kuchubua. Makubazi ya tairi hufaa kambini na wakati wa kuvuka mto, si kwenye nyasi ndefu. Beba soksi jozi tatu na ubadilishe kila zinapolowa.

Mavazi

Chagua rangi iliyofifia: kaki, kijani kibichi kilichopauka au kahawia. Epuka bluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Hata mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Mbung'o ndiye anayeeneza malale. Mikono mirefu na suruali ndefu hukinga pia upupu, miiba na jua.

Sare za askari wa kijiji zipatikane kupitia jumuiya yenyewe. Usinunue nguo za mabakabaka sokoni ukadhani zinakufanya askari. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa ni kosa kisheria.

Juni na Julai usiku wa kwetu ni wa baridi kali. Sweta na blanketi si anasa. Kitenge au khanga nayo ina kazi nyingi: hufunika kichwa juani, huchuja maji yenye tope, hufunga mkono uliovunjika. Askari wa kike aweke taulo zake kwenye nailoni kavu, hata kama siku zake bado.

Maji

Mtu anayetembea juani huhitaji lita nne au zaidi kwa siku, kwa hiyo maji ya siku tatu hayabebeki. Kikosi lazima kijue kabla ya kuondoka maji yako wapi msimu huo. Kijito kilichojaa mwezi wa tatu kinaweza kuwa mchanga mtupu mwezi wa kumi.

Gawanya maji kwenye chupa kadhaa badala ya dumu moja la lita tano. Dumu likitoboka umepoteza yote. Maji ya kisima au kijito yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe vidonge vya kutibu maji.

Vifaa vya kazi

Mitego ya waya huua kimyakimya, nyama wa kila aina. Kuiondoa kunahitaji plaizi inayokata waya na glavu nene. Kabla ya kukata, piga picha mtego ukiwa mahali pake na uandike tarehe, saa na eneo. Beba daftari dogo na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hugoma karatasi ikilowa.

Simu ya mguso huonyesha mahali ulipo hata pasipo mtandao wala bando, mradi ramani umeipakua ukiwa bado mjini. Lakini chaji yake haifiki mbali. Izime usipoitumia, na kikosi kiwe na chaja ya kubeba. Mtu mmoja abebe pia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe inayokaa na chaji siku kadhaa. Pasipo mtandao ni redio ya upepo tu itakayokusaidia, basi ijaribuni kabla ya kuondoka.

Kifaa kingine hakigharimu hata senti: kifuko cha kitambaa chenye majivu. Kitikise, uangalie vumbi linaelekea wapi. Ukijua upepo unakotoka utajua kama tembo au nyati aliye mbele atakunusa kabla hujamwona.

Tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi kwa sababu inaacha mikono yote huru. Betri za akiba zisikae ndani ya tochi.

Huduma ya kwanza

Sanduku la kikosi liwe na bandeji, pamba, plasta, glavu za mpira, sabuni, ORS, dawa ya maumivu na mkasi. Kila mtu aongeze dawa zake binafsi.

Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu, wala asikazwe kamba. Mtulizeni, vueni pete na saa, fungeni kiungo kwa kijiti kisicheze, mkamfikishe hospitali haraka. Kwa hiyo kabla ya doria kila mmoja ajue hospitali iliyo karibu, na nani ana pikipiki ya kumfuata mgonjwa barabarani.

Silaha

Vijana wengi huanza kuuliza bunduki. Kwenye simu zinapita picha za watu wa Marekani, Ulaya na Japani wakicheza vita kwa bunduki za plastiki zinazorusha vidonge vya milimita 6, wakiwa na fulana za mifuko kumi na viunoni vitu vinaning'inia. Mchezo huo huitwa airsoft, na asili yake ni Japani. Hata huko, mchezaji mpya huambiwa anunue kwanza miwani ya kukinga macho na viatu vizuri. Bunduki ya bei huja baadaye. Kama mchezo una utaratibu huo, sembuse pori lenye majangili na tembo wa kweli.

Kwetu silaha za moto zinasimamiwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Askari hubeba tu silaha aliyokabidhiwa kwa utaratibu, iliyoandikwa kwenye daftari pamoja na idadi ya risasi, na aliyofundishwa kuitumia. Gobore la nyumbani lisiende doria. Na asiyekabidhiwa silaha si askari pungufu: mwenye redio, mwenye sanduku la dawa na mwenye kujua maji yalipo ni muhimu vilevile.

Jaribio kabla ya kuondoka

Funga kila kitu, vaa, kisha tembea kilomita tano kijijini. Rukaruka: kinachogonga kifungwe. Halafu mwenzako akuambie ghafla, "Tupa begi!" Litupe, ukae chini, utoe mfukoni ulivyo navyo. Kama huna filimbi, moto na maji, rudi upange upya.

Mkirudi doria, kila mtu ataje alichobeba bila kukitumia. Safari ijayo kibaki nyumbani, isipokuwa dawa, filimbi na bandeji. Hivyo vibebwe kila safari, na tuombe visitumike.