Milia Inayosomeka: Kutoka Soko la Keumbu hadi Kaunta ya Supamaketi

Keumbu, kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka, inajulikana kwa ndizi. Mikungu hupangwa kando ya barabara, mnunuzi huikagua kwa macho na mikono, bei hupatanwa, kisha lori huondoka. Lebo haihitajiki hapo: muuzaji yupo, mali ipo, na mwenye kuuliza hujibiwa papo hapo.

Chai ya milima ya Kisii ilihitaji alama mapema zaidi, kwa kuwa mnunuzi wake yuko mbali. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Gunia linalotoka kwenye kiwanda kama Kiamokama hufika pwani likiwa na jina la kiwanda, daraja la chai, kwa mfano BP1 au PF1, na uzito. Herufi ikichafuka, karani wa bohari anaweza kukisia. Mashine haikisii, na hapo ndipo ufundi wa kuchapa ulipopata uzito mpya.

Wamarekani Norman Joseph Woodland na Bernard Silver waliomba hataza ya msimbo pau, alama inayosomwa na mashine, mwaka 1949, wakaipata mwaka 1952. Umbo lililokuja kujulikana zaidi katika wazo lao lilikuwa miduara iliyozungukana. Miaka ya mwanzo ya 1970, George Laurer wa IBM aliikataa miduara hiyo kwa sababu ya kiwandani kabisa: karatasi ikikimbia kwenye mtambo, wino huvutika kuelekea upande mmoja na kuharibu duara. Mistari ikilazwa sambamba na mwendo wa karatasi, wino ukivutika huirefusha tu. Unene unaosomwa haubadiliki. Uamuzi huo wa mtu aliyewafikiria wachapaji unastahili sifa kubwa kuliko inayopewa. Tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ikawa bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye skana ya dukani kwa mfumo huo wa mistari.

Namba za misimbo hiyo zinazotolewa na GS1 Kenya, tawi la shirika la GS1 linalosimamia namba hizo, huanza na 616. Tarakimu hizo hazithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa Kenya. Zinaonyesha tu ni shirika gani lililotoa namba.

Kupata namba ni kazi ndogo. Kuichapa vizuri ndiko kunakomkwamisha mjasiriamali anayetaka krispi zake za ndizi zifike kwenye rafu. Katika ukubwa wa kawaida, mstari mwembamba kabisa una milimita 0.33. Printa nyingi ndogo za lebo huchapa nukta 8 kwa kila milimita, kwa hiyo mstari huo hauwezi kugawanyika sawasawa: nukta mbili ni milimita 0.25, tatu ni 0.375. Mtu akivuta picha ya msimbo hadi ienee kwenye nafasi aliyonayo, mistari iliyopaswa kulingana hutoka mmoja wa nukta mbili, mwingine wa tatu, na skana hubaki kimya. Dawa ni kuchagua tangu mwanzo ukubwa unaotoa nukta tatu kamili.

Nafasi nyeupe ya pembeni nayo huliwa ovyo na wabunifu wanaotaka kuongeza maua. Inatakiwa kama milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia. Rangi pia ina sheria yake: skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, hivyo mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe huzipotea kabisa, ingawa mwenye duka anaiona wazi.

Halafu kuna mafuta. Lebo inayochapwa kwa joto pekee, kama risiti, hufifia ikiguswa na mafuta ya krispi au ikianikwa juani. Utepe wa wino wenye utomvu hugharimu zaidi, lakini chapa yake hustahimili.

Sasa GS1 inazihimiza kaunta za dunia ziweze kusoma misimbo ya mraba, kama QR, ifikapo mwisho wa 2027. Mraba huo unaweza kubeba tarehe ya kuisha muda na namba ya shehena, mambo ambayo milia ya tarakimu 13 haina nafasi nayo, na husomeka hata sehemu yake ikichubuka. Kwa mtengenezaji mdogo wa Kisii, manufaa ni dhahiri: shehena moja ikiwa na kasoro, ataweza kuiondoa hiyo peke yake na kuziacha nyingine ziendelee kuuzwa.