Mtoto Ameambiwa "Njoo na Mzazi": Namna ya Kumaliza Kosa Dogo la Darasani

Shule zikifunguliwa, swali hili halikosi kwenye simu za wasikilizaji wetu. Mtoto amerudi nyumbani na ujumbe kwamba mzazi anahitajika shuleni. Hajaiba, hajapigana, hajatoroka. Ameongea wakati wa kipindi, amechelewa mstarini, au monita ameandika jina lake kwenye karatasi ya wapiga kelele. Mzazi anajiuliza: niende nikamtetee, nikaombe radhi, au nisiende kabisa?

Jibu kwa ufupi ni hili: nenda, nenda mapema, na uanzie kwa mwalimu wa darasa. Mambo mengi ya aina hii huishia hapo. Yasipoishia hapo, anayeumia ni mtoto, kwa sababu ndiye anayebaki darasani na mwalimu huyo mwaka mzima. Maelezo yafuatayo yanahusu shule za Tanzania Bara, hasa za msingi.

Kosa dogo ni lipi?

Ni jambo linalosumbua kipindi bila kumdhuru mtu: kuongea, kutembeatembea, kusahau daftari, kutomaliza kazi ya nyumbani, kusinzia, kutaniana na jirani wa dawati. Wizi, kupiga wenzake, ulevi na kuharibu mali ya shule ni mambo mengine na yana utaratibu mwingine. Utani nao ukigeuka kuwa mtoto mmoja anaonewa kila siku, hilo si dogo tena.

Kabla ya kwenda shuleni

Msikilize mtoto kwanza, akiwa ametulia na wewe umetulia. Usianze na "umefanya nini tena?" Muulize ilikuwa kipindi gani, alikuwa amekaa wapi na nani, na mwalimu alisema nini. Majibu yake yanaweza kukuonyesha chanzo. Mtoto aliyekaa nyuma na asiyeona vizuri ubaoni humuuliza jirani yake kilichoandikwa, na mwalimu anamhesabu kuwa mpiga kelele. Anayesinzia saa nne asubuhi pengine ametoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata chai.

Usimchape kwanza ili ufike shuleni ukiwa umeshamaliza kazi. Mtoto anayepigwa nyumbani kwa kila ujumbe wa mwalimu hujifunza kuuficha ujumbe. Wapo wanaofika mbali zaidi na kumwomba mtu wa mtaani ajifanye mjomba wao mbele ya mwalimu. Mzazi halisi anakuja kugundua wakati jambo limeshakuwa kubwa.

Mbele ya mwalimu

Usiingie darasani kipindi kikiendelea. Pitia ofisini, salimia, eleza umeitwa kwa ajili ya nani. Kumbuka pia hali ya mwalimu. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini madarasa mengi yanazidi hapo. Kelele ambayo nyumbani ungeipuuza, kwake inaweza kuharibu kipindi cha watoto wote.

Maneno ya kuanzia yanaweza kuwa ya kawaida tu: "Shikamoo mwalimu. Nimepata ujumbe wako na nimemsikiliza mtoto. Naomba na mimi nisikie kutoka kwako." Kisha uliza mambo matatu:

1. Alifanya nini hasa? "Ni mtundu" halitoshi. "Anaongea kila kipindi cha hisabati" ni jambo mnaloweza kulifanyia kazi.
2. Limetokea mara ngapi, na huwa ni wakati gani?
3. Shule imeshachukua hatua gani?

Msiachane kabla ya kukubaliana jambo moja kwa kila upande. Mwalimu anaweza kumhamishia dawati la mbele. Wewe unaweza kukagua daftari kila jioni na kuweka sahihi. Pangeni siku ya kuulizana, kama baada ya wiki mbili. Mtoto akiwepo, mpeni nafasi ya kusema. Akikosea aombe radhi mwenyewe, usimwombee.

Kama darasa lina kundi la wazazi la WhatsApp, jambo hili lisipelekwe huko. Likishasomwa na wazazi arobaini, mtoto hupata jina ambalo halitafutika kirahisi.

Adhabu ina mipaka gani?

Hapa ndipo wazazi wengi hawajui wanachoruhusiwa kuhoji. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko, zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, bado zinaruhusu viboko shuleni, lakini kwa masharti:

- Viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu.
- Visizidi vinne kwa mara moja, na vizingatie uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto.
- Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi.
- Mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike.
- Kinachotumika ni fimbo nyepesi, mkononi au kwenye makalio juu ya nguo, si sehemu nyingine ya mwili.
- Kila adhabu huandikwa kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa.

Kwa hiyo kuchapwa kwa sababu ya kuongea darasani au kusahau daftari ni jambo ambalo mzazi ana haki ya kulihoji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu ya kikatili au inayopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto. Hatari ipo kweli. Mwaka 2018 mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa shuleni.

Kuhoji si kugombana. Unaweza kumwambia mwalimu mkuu: "Naomba nione kosa lilivyoandikwa kwenye kitabu cha adhabu." Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kelele za dakika kumi mbele ya wanafunzi.

Msipoelewana

Panda ngazi moja moja. Baada ya mwalimu wa darasa, mwone mwalimu wa malezi na ushauri, kama shule inaye, kisha mwalimu mkuu. Kamati ya shule ina wawakilishi wa wazazi. Kwa sekondari ngazi hizo ni mkuu wa shule na bodi ya shule. Nje ya shule yupo Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Andika tarehe na jina la uliyezungumza naye kila hatua. Ukiruka ngazi na kwenda moja kwa moja halmashauri, mara nyingi utarudishwa shuleni, na mwalimu atajua umemshtaki kabla ya kumsikiliza.

Mtoto akiumizwa, utaratibu huu wa ngazi haukuhusu. Mpeleke hospitali, na utoe taarifa polisi, ambako utapata fomu ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto. Pia unaweza kupiga simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, bila malipo.

La mwisho halihitaji kosa lolote kutokea. Wiki hii, mjue mwalimu wa darasa la mwanao kwa jina na uwe na namba yake. Mzazi aliyefika shuleni siku ya kawaida kuuliza maendeleo husikilizwa kwa urahisi zaidi siku atakapoitwa.